Spika Zote za Mji

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na kampeni zimeanza leo, na sijui ipi itanichosha zaidi. Shemeji amekuja asubuhi na ratiba ya mikutano pamoja na hii shajara. Chama kimewachapishia watu wake wote shajara moja moja, na kwenye jalada yupo Rais anacheka meno yote nje. Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu na ndiye katibu wa chama hapa mjini. Amenikabidhi kwa mikono miwili kama ananitunuku cheti.

"Andika kila mkutano, Shemeji. Saa, mahali, mitambo imefanyaje."

"Na nikichoka kuandika mikutano?"

"Andika unachotaka. Kurasa ni nyingi."

Basi nitaandika ninachotaka. Mimi ni fundi wa vipaza sauti. Nina spika nne kubwa, mixa moja ya kuchanganyia sauti, amplifaya mbili, jenereta yenye kikohozi, na wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, ambaye anaendesha pikapu na kuniambia kila siku kwamba sijui kukunja waya. Mitambo aliiacha mume wangu. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili tunafanya mikutano ya chama, kumi na tatu yeye akiwepo na tisa bila yeye. Chumba cha nyuma cha jengo la chama ndiyo karakana yangu. Mtaani wananiita Mama Spika, na wakinitania wanasema hata nikinong'ona jirani wa tatu anasikia.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Waya mmoja umekatika. Wifi anasema panya, mimi nasema uzee. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 9 Machi

Mkutano wa ufunguzi, uwanja wa soko. Nilipima kipaza sauti kama siku zote. Mafundi wengine husema moja, mbili, tatu. Mume wangu aliona huo ni uvivu. Yeye alikuwa anatoa salamu ya chama, "Tupo!", watu wanaitikia "Na tutabaki!", na kwa itikio hilo anajua upande gani wa uwanja hausikii. Nami ndivyo ninavyopima. Siku hizi hata sifikirii, mdomo unajisemea.

Aliyenifanya niandike leo ni Mzee Koti. Huyu alikuwa makamu wa rais kwa miaka kumi, akawa mwenyekiti wa chama, na hajawahi kuonekana bila koti lake jeusi, jua liwe la kupasua vichwa. Miaka mitatu iliyopita alipasuliwa koo. Sauti iliyobaki ni kama mtu anakwangua karatasi kwa kucha. Mafundi watatu walishindwa kuiinua, mimi nikaweza. Kwenye mixa yangu kuna alama mbili za rangi nyekundu ya kucha, moja kwenye kitufe cha sauti na moja kwenye cha besi. Hizo ni za Mzee. Nikifika kwenye alama, uwanja mzima unamsikia. Nikizidisha unywele mmoja, spika zinapiga mluzi na watu wanaziba masikio.

Leo amesema dakika nne. Kasema mvua, kasema barabara, kasema amani. Jina la Rais hakulitaja hata mara moja. Shemeji alipiga makofi kama wengine, sidhani aligundua. Lakini mimi nilikuwa na mkono kwenye kitufe, nikisubiri alitaje ili nipandishe kidogo, na nikasubiri mpaka akashuka jukwaani.

Kila mtu anajua Mzee alipinga Rais kugombea mara ya tatu. Alipinga kikaoni mwezi wa kwanza, akashindwa, akanyamaza. Mimi mwenyewe sikuona shida. Rais ndiye aliyetuletea maji mtaani kwetu, na miaka mitano mingine si mwisho wa dunia.

Ijumaa, 21 Machi

Mikutano mitatu wiki hii. Wifi ana mafua na bado anatoa amri.

Alhamisi, 27 Machi

Redio imesema saa moja asubuhi, ikarudia saa nne na saa saba kana kwamba mtangazaji mwenyewe haamini. Mzee Koti atasimama jukwaa moja na mgombea wa upande wa pili, yule mwanamke ambaye wote tunamwita Wakili kwa kuwa ndiyo kazi yake, Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, uwanja wa soko. Anataka kuwaambia wananchi wampe kura.

Nimekasirika mpaka nikasahau sufuria jikoni. Miaka tisa nimembebea mtu huyu sauti, mitatu ya mwisho kama mtu anabeba yai, halafu anaipeleka kwa wale. Nilimwambia Wifi mtu wa namna hiyo hafai hata kupewa maji. Wifi akapenga kamasi, akasema, "Mimi ningempa maji. Ningependa kusikia anasemaje."

Jumanne, 1 Aprili

Shemeji kaja na fomu. Chama kinakodi spika zangu tarehe kumi na mbili.

"Mkutano uko wapi?"

"Hakuna mkutano."

"Sasa spika za kufanyia nini?"

"Za kukaa," akasema, na akaangalia viatu vyake. "Zikae hapa hapa, zimefungwa. Malipo ya siku mbili."

Nikamuuliza kama ni zangu tu. Kumbe ni zote. Za ukumbi wa harusi, za shule ya sekondari, za muuza redio wa stendi, hata kile kibati cha kupayukia cha muuza dawa za mende. Spika zote za mji zitalala siku hiyo, na zimelipiwa kulala. Wakitafuta za mji wa jirani, huko nako kumeshapitiwa.

Mwanzoni nilicheka, maana ni akili. Hawajamkataza Mzee kusema. Uwanja upo, kibali kipo, polisi watakuwepo kulinda. Ila sauti ile bila mitambo haivuki meza ya chai. Watakuja watu elfu kumi kumtazama mzee aliyevaa koti akichezesha midomo kwenye mvua, na kesho yake magazeti yataandika kwamba hakuwa na la kusema.

Shemeji akanipa kalamu. Sikuishika.

"Niachie nisome."

"Shemeji, ina mistari minne."

"Nasoma polepole."

Jumamosi, 5 Aprili

Mzee amekuja mwenyewe karakana. Kwenye jengo la chama! Kapita mlango wa mbele, mlinzi kasimama wima kwa mazoea, akaja moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma na koti lake linadondosha maji. Nilimsogezea kiti lakini sikumsalimia vizuri, naandika ukweli.

"Umeninunia, binti yangu."

"Nimenuna, Mzee. Kaa."

Akakaa. Ilibidi nisogee ndiyo nimsikie, na hilo liliniudhi zaidi, kumkasirikia mtu huku umemwinamia.

"Niulize," akasema.

Nikamuuliza. Kwa nini sasa, kwa nini wale, kwa nini usikae nyumbani ukalea wajukuu. Nikamwambia watu wanasema ana kinyongo kwa sababu hakuteuliwa kugombea urais.

"Kinyongo ninacho," akasema. "Nisingekuwa nacho ningekuwa malaika. Lakini kile kifungu cha vipindi viwili nilikiandika mimi, binti yangu. Nilikiandika jikoni kwa mke wangu kwa sababu sebuleni kulikuwa na wageni. Tulikuwa tumetoka kumwondoa mtu aliyekaa miaka ishirini na tatu. Tukaapa haitatokea tena. Sasa wenzangu wamekisoma upya wakaona kinaruhusu na cha juu kidogo."

"Na Wakili? Huyo mtu ulimtukana mwenyewe, kwa kipaza sauti changu."

"Nilimtukana. Nitamwomba radhi kwa hicho hicho, ukinikubalia."

Nikamwambia sikubaliani naye. Nikamwambia mimi nampigia kura Rais, na kuhusu kipaza sauti asubiri majibu. Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akasema hajaja kuomba kura yangu, amekuja kuomba spika, kisha akatoka kwa mlango ule ule wa mbele.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa. Nimeifuta mixa mara tatu wakati haina vumbi.

Jumanne, 8 Aprili

Shemeji, kwa mara ya nne. Safari hii kaja na uso wa ofisini.

"Shemeji, naomba tusifike mbali. Hiki chumba ni cha chama. Ukitoa mitambo Jumamosi, Jumatatu utatoa na kufuli lako. Na kazi za chama ndiyo umezisahau. Si mimi ninayesema. Nimetumwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni katibu."

"Nimekuuliza wewe. Uliyekulia nyumbani kwangu, niliyekufulia kaptula ukitoka shule."

Akachezea kalamu yake. Ana sauti kubwa huyu, sauti ya kengele, hajawahi kuhitaji kipaza sauti maishani mwake. Lakini pale hakutoa hata mguno. Nilimwonea huruma kidogo na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

Nimekaa na fomu mchana kutwa. Ukitoa chama, kazi zinazobaki hazinilishi mwezi mmoja. Spika moja huziba mlango mzima. Nyumbani kwangu zitakaa wapi? Niliyapanga yote hayo vizuri kichwani, kila jambo mahali pake, na kila jambo lilisema saini. Halafu nikamkumbuka mume wangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa alipigiwa simu azime kipaza sauti wakati mama mmoja analalamikia mitaro mbele ya waziri. Hakuzima. Akaniambia, mke wangu, siku nikizima mtu katikati ya neno, hizi spika niziuze, zitakuwa masanduku tu.

Nimemrudishia Shemeji fomu saa kumi. Tupu. Ameigeuza nyuma kuangalia kama nimesaini huko.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika yote kabla sijaanza kutia chumvi.

Tulipakia alfajiri. Wifi kavaa buti za marehemu na kilemba cha harusini. Nilimuuliza vipi, akasema kama leo tunafukuzwa tufukuzwe tumependeza. Mlinzi wa jengo alitusaidia kubeba spika ya nne, kisha akarudi kwenye kiti chake akageukia ukutani ili aweze kusema hakuona.

Uwanjani umeme ulikuwepo mpaka tulipochomeka. Tulipochomeka ukakatika, mtaa mzima wa soko, buchani mpaka kwa kinyozi. Watu wakaguna. Wifi akaitolea jenereta matusi ya ukoo mzima na akavuta kamba mara sita. Ya saba ikakohoa ikawaka. Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyokata. Mixa tuliifunika turubai, na juu ya turubai Wifi akashika mwavuli. Yeye mwenyewe alilowa chapachapa na kilemba chake.

Sijawahi kuona watu wengi namna ile, na karibu wote ni watu ambao kwa miaka ishirini na mbili tumekuwa tukiwaita wale. Nilimwona mshonaji wangu. Nilimwona mwalimu wa hesabu wa watoto wangu. Pembeni kabisa, chini ya kibaraza cha bucha, nilimwona Shemeji na koti la mvua, anaandika kwenye kidaftari nani kaja.

Ikafika saa ya kupima. Nikapanda jukwaani, nikashika kipaza sauti, macho kwa Shemeji, akili kwenye jenereta, na mdomo ukajisemea.

"TUPO!"

Spika nne, nguvu zote. Ilifika mpaka mtoni.

Wallahi, nilitamani mbao za jukwaa zifunguke. Mvua ikasikika kwenye miavuli. Halafu mtu mmoja mbele akapiga kelele, "Pandikizi! Wametuletea pandikizi!" Wengine wakaanza kupiga miluzi, chupa ya maji ikapita karibu na sikio langu. Vijana wawili wa ulinzi wakaanza kupanda ngazi. Wakili alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akaniangalia, na nikaona kabisa kwamba naye anajiuliza.

Mzee akainuka. Akaja polepole, akanishika kiwiko, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. Nikaruka chini kwenye mixa kama mtu anayefuata mtoto barabarani, kidole kikatafuta alama nyekundu, kikaipata.

"Msimpige," akasema, na ile sauti ya karatasi ikaenda mpaka ukuta wa mwisho wa soko. "Huyu mama kakosea kama ninavyokosea mimi. Miaka arobaini nimeamka na neno hilo mdomoni. Leo asubuhi nimeamka nalo. Mke wangu kaniambia chai tayari, nikamjibu, tupo."

Kikatoka kicheko. Kwanza kidogo, kisha uwanja mzima. Yule aliyeniita pandikizi alicheka mpaka akainama.

"Sijahama chama," akasema walipotulia. "Kadi yangu hii hapa. Siirudishi. Anayeitaka anajua ninapokaa, aje, nitamwekea kiti. Na huyu mama wa kwenye mitambo hanikubali. Kaniambia usoni kwamba hatanifuata kwenye kura. Lakini kanipa sauti. Hao mliozoea kuwaona wakinipigia makofi wamekodi spika zote za mji ili zikae kimya. Sasa jiulizeni wenyewe, nani kati yetu ana hofu."

Halafu akamgeukia Wakili. Akamwomba radhi kwa maneno aliyomsema miaka mitano iliyopita, akayarudia moja moja ili mtu asiseme hayakumbuki. Akaeleza kile kifungu, jikoni, wageni sebuleni. Akasema, "Vipindi viwili. Sikuandika viwili na nyongeza. Mimi na Wakili hatukubaliani mambo mengi, na akishinda nitaanza kumpinga siku ya pili. Siku ya kwanza nitapumzika. Lakini kura yangu ya mwezi ujao ni yake, na naomba na yenu."

Katikati ya hapo jenereta ililegea. Niliisikia kabla ya wote. Wifi alitupa mwavuli, akamimina petroli huku injini inazunguka, jambo ambalo marehemu angetufukuzia kazi, na mimi nikaegemea mixa kwa kifua mvua isiingie. Mgongo wote ulilowa. Kitufe hakikutoka kwenye alama.

Alisema dakika ishirini na sita. Neno la mwisho lilisikika kama la kwanza. Sikumkubali kwa yote, na nilikuwa nalia, na sijui ni kwa nini, na kama kuna mtu ataisoma hii basi asiniulize. Tulipokuwa tunakunja waya Shemeji alipita karibu. Hakusimama.

"Shemeji, ulipotoa ile salamu," akasema chinichini, "kidogo niitikie." Akaondoka na kidaftari chake.

Jumatatu, 14 Aprili

Kufuli jipya lilikuwa mlangoni saa mbili asubuhi. Vitu vyangu viko nje, kwenye mvua, vimefunikwa vizuri na turubai geni. Mlinzi kaapa hajui nani kafunika.

Alhamisi, 17 Aprili

Chama kimemfukuza Mzee. Wajumbe watatu walikwenda kuchukua kadi. Kweli aliwawekea viti.

Ijumaa, 25 Aprili

Spika mbili ziko sebuleni, moja chumbani, moja jikoni imegeuka meza. Wifi anakatia vitunguu juu yake. Simu haiiti. Mwenye ukumbi aliyekuwa ananipa kazi za harusi kaniambia nisubiri mpaka mambo yatulie, na mke wake, ambaye nilimfungia mitambo bure siku ya harusi yake, kaniona dukani akajifanya anasoma kibandiko cha sabuni. Nilikwenda nikamsalimia kwa sauti yangu ya kazini. Duka zima liligeuka. Najuta kidogo tu.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Hakuna kazi.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Hakuna kazi. Nimezipaka spika rangi upya, hata kama hakuna wa kuziona. Zinang'aa.

Jumapili, 18 Mei

Nimepiga kura. Nimempigia nani sisemi hata humu, kwa sababu kitabu chenyewe kina sura ya mgombea kwenye jalada na simwamini.

Jumatano, 21 Mei

Wakili ameshinda. Mtaani wanacheza kwenye tope. Nilitoka mlangoni nikawatazama, jirani akanikumbatia akasema, "Mama Spika, ni wewe!" Nikamwambia mimi nilizungusha kitufe tu. Wifi alikuwa anacheza na watu asiowajua, buti za marehemu miguuni.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zimekatika. Kazi zimerudi zote kwa mpigo. Wenye nchi wapya wamekuja kunipa kalenda yenye sura ya Wakili anacheka, meno yote nje. Wamenitundikia wenyewe ukutani. Chumba cha nyuma cha lile jengo nimerudishiwa, maana jengo kumbe lilikuwa la serikali na chama kimetolewa. Viti vya ofisi ya Shemeji nilivikuta vimetupwa uani. Nilivifunika turubai.

Jumanne, 10 Juni

Amekuja bwana mmoja mpole kutoka ofisi ya Wakili, na fomu. Tarehe kumi na nne wanakodi spika zangu.

"Mkutano uko wapi?" nikauliza, na nikajua kabla hajajibu.

"Hakuna mkutano, Mama."

Chama cha zamani kinakutana siku hiyo mara ya kwanza tangu kishindwe, kwenye ua wa kufyatulia matofali, kwa kuwa hakuna ukumbi unaowapokea. Yule bwana akasema si ubaya, ni kupoza joto tu, nchi bado changa. Fomu ina mistari minne ile ile. Nadhani hata karatasi ni zile zile walizozikuta ofisini.

Nikamwambia nasoma polepole.

Jumatano, 11 Juni

Mzee kapiga simu. Nilibana simu sikioni na kuziba sikio la pili.

"Binti yangu. Nimeombwa nikuombe. Zikae tu, siku moja."

Nilitaka iwe ni mtu anamwigiza. Lakini sauti hiyo naijua kuliko yangu.

"Mzee," nikasema, "uliwaambia watu elfu kumi wajiulize nani ana hofu. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyewasikilizisha."

Nilimsikia anapumua kwa lile koo lake.

"Ulisema siku ya pili utaanza kumpinga. Siku ya pili imepita zamani, Mzee. Hii ni ya ishirini na moja."

Nikasubiri anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na kila mtu mwaka huu, kwa nini nisigombane na yeye.

"Unahesabu vizuri," akasema mwishowe. "Nenda." Akakata.

Sijui kama aliniruhusu au alichoka. Ningekwenda tu. Nimeirudisha fomu tupu na kalenda nimeitoa ukutani. Shajara hii nimeigeuza jalada chini.

Jumamosi, 14 Juni

Jua kali. Walikuja watu kama arobaini, wamekaa juu ya matofali. Wengine walikuja wameficha kofia za chama, wakazivaa ndani. Bwana mpole alikuwa ng'ambo ya barabara na kidaftari.

Wifi alinyoosha waya, mara hii bila kunifundisha. Nilishika kipaza sauti. Arobaini wale wakanitazama wanasubiri salamu, na neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Moja. Mbili. Tatu."

Nikampa Shemeji. Ana karatasi ya hotuba mkononi na shati alilolilalia. Nilimwambia, "Sema, Shemeji. Hakuna atakayekuzima." Akafungua mdomo. Mtu mwenye sauti ya kengele, na kilichotoka hakikufika hata kwangu. Akajaribu tena.

"Tupo," akasema.

Nikazungusha kitufe taratibu, mpaka kwenye alama nyekundu.